Siku Niliyotambuliwa na Mgonjwa

Sikusudii kujitetea. Nilihudumu katika masjala ya serikali miaka thelathini na miwili, nikastaafu bila hata barua moja ya onyo, kisha nikazuiliwa katika wodi ya wagonjwa wa akili waliopelekwa na mahakama, na chanzo chake, kama rekodi inapaswa kuwa sahihi, ni mimi mwenyewe.

Nilikwenda kumdhamini mdogo wangu, Faustin. Alipokuwa mgonjwa alichoma ghala la jirani yetu huko Gahanga, mahakama ikaagiza atibiwe chini ya ulinzi badala ya kufungwa. Siku hiyo saa nane mchana kamati ya hospitali ilikuwa inaamua kama arudi nyumbani, na sharti lilikuwa wazi: mdhamini asipofika, mgonjwa anabaki miezi sita mingine.

Langoni mlinzi alichukua mkanda wangu, tai, kamba za viatu, simu na kitambulisho (utaratibu ninaouafiki), akavifungia kabatini, kisha akanisogezea daftari la wageni. Nikalisoma. Safu ya majina ilijaa namba za simu, safu ya saa ilijaa majina, na mtu mmoja alikuwa ameandika tu "mimi tena". Nikamwarifu kwamba siweki sahihi yangu kwenye kumbukumbu ya namna hiyo, nitaiweka nikitoka, nikishalipiga mistari upya.

"Sawa mzee, ingia tu," akasema, akaenda kula, ufunguo wa kabati mfukoni mwake.

Nilizungumza na Faustin vizuri, na saa saba na nusu nikatoka kuitafuta ofisi ya kamati, suruali nimeishika kwa mkono. Langoni alikuwapo mlinzi mwingine.

"Jina yako haiko hapa, mzee. Rudi ndani."

Nikamweleza kwamba haliko kwa sababu nilikataa liwepo, na kwamba mimi ni mkuu wa masjala mstaafu. Akamwita muuguzi, akamwambia kwa upole, "Dada, huyu naye alikuwa mukubwa serikalini." (Baadaye nilifahamu kwamba mle wapo wengine wawili.)

Muuguzi akaniuliza leo ni siku gani. Nikajibu Jumanne, tena kwa msisitizo. Ilikuwa Jumatano, tangu nistaafu siku zimefanana. Akanishika kiwiko, akaniketisha kwenye benchi la wagonjwa, akaniahidi chai.

Saa nane kasoro dakika tano Faustin akapita, akisindikizwa kwenda mbele ya kamati. Nilitaka kupaza sauti, nikatambua kwamba nikipaza ndiyo basi.

Akasimama. "Kaka, umekataa kusaini tena?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Huyu ndiye mdhamini wangu," akamwambia muuguzi. "Hasira yake ni ya makaratasi tu, hapigi mtu. Lete daftari."

Likaletwa. Faustin akaandika jina langu, katika safu isiyo yake, akatia sahihi pembeni kwamba ananitambua. Nami nikasaini chini ya yake.

Mwenyekiti wa kamati alilitazama daftari, akatutazama, akauliza ni nani atakayemtunza mwenzake.

"Tutapeana zamu, daktari," akasema Faustin.

Wakamruhusu.

Bado nashikilia kwamba daftari lile lilikuwa na makosa. Hata hivyo nimeapa kusaini kila daftari nitakalosogezewa, hata likiwa limepinduliwa. Na kila asubuhi, Faustin akishameza dawa zake, huniuliza leo ni siku gani, nami hutazama kalenda kwanza.