Kofia ya Wilf

Beryl Entwistle aliufahamu mgongo wa mumewe kuliko uso wake. Sisemi kwa kejeli. Kila Jumapili ya kiangazi, katika bustani ya mji wao huko Lancashire, Wilf aliketi mbele akiendesha injini ya mvuke isiyomfika mtu kiunoni, na Beryl aliketi behewa la mwisho, gadi wa treni, filimbi shingoni na bendera ya kijani mapajani. Kati yao walipanda watoto wa mji mzima, wamekaa juu ya mabehewa kama wapanda punda, pamoja na baba zao wenye vitambi, magoti yakikaribia masikio.

Klabu yao ya reli ndogo ina kanuni. Gadi akipuliza filimbi na kuinua bendera, dereva huinua mkono kuonyesha amesikia, lakini hageuki. Macho yake ni ya reli tu. Wilf hakuinua mkono. Aliinua kofia, akaishika kidogo juu ya upara wake, akairudisha. Beryl akiuona upara ule, alijua mambo yako sawa, hata kama asubuhi walikuwa wamenuniana kwa ajili ya chai iliyopoa.

Wilf alifia katika hospisi ya pale mjini, wanakouguzwa wale ambao dawa zimeshindwa kuwaponya. Injini ikafunikwa turubai bandani, na Beryl akamkataza kila mtu kuigusa. Bwana mmoja wa Yorkshire, jimbo jirani na mahasimu wao wa jadi, alikuwa akiitaka. Mtu wa Lancashire kumuuzia mtu wa Yorkshire injini ni aibu ya ukoo mzima, lakini Beryl aliona heri aibu kuliko kuona mgongo mwingine pale mbele.

Ikakaribia siku ya klabu kuichangia hospisi ileile. Derek Sugden, rafiki wa Wilf tangu shuleni, akaenda kumwomba.

"Injini ya klabu peke yake haitoshi, Beryl. Watu watasimama foleni mpaka waote mizizi."

"Haya, ichukue. Lakini nikishindwa kukutazama, jioni nampigia yule bwana wa Yorkshire aje na gari lake."

"Kwani mgongo wangu mbaya kiasi hicho?"

"Mpana mno, Derek. Utanizibia hata daraja."

Derek akacheka, kisha akaacha. "Nivae kofia yake? Ipo bado msumarini."

"Kofia iache."

Siku yenyewe mvua ilinyesha tangu alfajiri na watu wakaja hivyohivyo, na makoti yao ya mvua na keki za kuuzwa. Pale langoni mzee mmoja alitikisa ndoo ya michango akiwaambia wapitao, "Mkono mtupu haulambwi, jamaa zangu." Treni ikajaa, Derek akakaa mbele. Beryl akapuliza filimbi, akainua bendera.

Kofia aliikataa kwa kinywa chake mwenyewe, na bado macho yake yaliingojea. Mazoea yana taabu. Ukainuka mkono mnene ndani ya glavu, sawasawa na kanuni inavyotaka, na Beryl akalia.

Kitoto cha kike kilichokaa mbele yake kikageuka. "Unalia nini, bibi?"

"Moshi, mpenzi."

"Lakini moshi unaenda kule."

"Basi na wewe tazama kulekule."

Aliipuliza filimbi ile siku nzima, na kila mara aliumia vilevile. Jioni bustani ilipobaki tupu, Derek akaja akifuta masizi usoni. Hakumtazama.

"Haya, niambie. Unampigia?"

"Moto upo bado?"

"Wa mzunguko mmoja."

"Shika filimbi, nenda ukae nyuma."

Udereva Beryl aliujua. Wilf mwenyewe alimfundisha zamani, akapasi mtihani wa klabu, kisha akachagua behewa la mwisho. Aliingia bandani akaichukua kofia msumarini. Ilimshuka mpaka kwenye nyusi, na ilinukia mafuta na kichwa cha Wilf.

Akaketi mbele. Akaona reli iliyolowa, na mvuke, basi. Ya nyuma hakuyaona hata kidogo. Jambo hili hakuwahi kuliwaza: miaka yote ile Wilf alikuwa akimvulia kofia mtu asiyemwona. Alisikia filimbi tu, akaamini yupo. Hapo Beryl akajua injini haiuzi, kwa Yorkshire wala kwa yeyote. Akamtamani mumewe kuliko siku zote.

Filimbi ikalia nyuma. Beryl akaivua kofia, akaishika juu ya mvi zake muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hakugeuka, maana angegeuka angemkuta Derek.