Mama Mkwe Anamuuliza Jirani

Damu ya mama mkwe wangu ilirudi mwanzoni mwa msimu wa mvua, na yeye akaifurahia. Ilikuwa imekatika miaka mingi, tangu mume wangu alipokuwa kijana wa sekondari. Akawaambia wenzake wa kikundi cha sala, sebuleni kwetu mtaani Musaga, na wale mama wakacheka hadi chai ikamwagika. Walisema Mungu amemrudishia ujana, sasa atafutiwe mchumba kabla ya Noeli. Mimi nilikuwa jikoni naosha vikombe. Nilicheka pia, kisha kicheko kikaniishia.

Nimezaliwa mdadisi. Mama yangu mzazi alisema pua yangu hufika mahali kabla ya miguu. Wiki chache kabla ya hapo, nikiwa nimempeleka mtoto chanjo, nilimsikia muuguzi wa kituo cha afya akizungumza na wanawake benchini. Alisema kuna kirusi kinachopatikana kwa kulala na mtu. Hakiwashi wala hakiumi, na wengi hupona bila kujua walikuwa nacho, lakini kwa wengine hukaa kimya miaka na miaka mpaka kilete saratani ya mlango wa kizazi. Tena akasema mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi akiona damu, asingoje. Wenzangu walitazama chini. Mimi niliuliza maswali mpaka mtoto akalala.

Shida ilikuwa namna ya kumwambia mama mkwe. Kwetu mke wa mwana hazungumzi naye habari za chini ya kitenge, hata nyumba ikiungua. Wa kumwambia ni wa rika lake, na rika lake ndilo lililokuwa likimtafutia mchumba. Mume wangu? Mtoto wa kiume na damu ya mama yake, hilo hata sikulifikiria. Ikabaki njia tuliyo nayo sote: unamwambia mtu mwingine, kwa sauti ya kutosha, na mwenyewe anasikia.

Nilianza kwa kwenda kupimwa mimi. Nikiwa na habari yangu ningeweza kuisimulia, na kusema kweli nilitamani kujua kunafanywa nini. Muuguzi alipaka siki kwa pamba kwenye mlango wa kizazi, siki yenye harufu ileile ya kachumbari, akasubiri kidogo. Penye kasoro pangegeuka peupe. Nilimwomba kioo nione. Akasema hajawahi kuombwa hivyo, akakitafuta, na nikaona kitu kidogo cha mviringo, cha rangi ya waridi, ambacho kilikuwa changu maisha yote na hatukuwahi kuonana. Hakikuwa na weupe popote.

Jumamosi jirani yetu, Mkongomani muuza vitenge asiyejua kunong'ona, alikuja kunisaidia kuchambua maharage uani. Mama mkwe alikuwa amekaa hapo karibu, ametupa mgongo, akimenya mihogo. Nikasimulia yote, siki na kioo. Jirani alicheka sana, kisha akauliza ugonjwa huo mtu anautoa wapi. Nikamwambia.

Kisu cha mama mkwe kikasimama.

"Jirani," alisema bila kugeuka, "umuulize uyo: kama bwana alikufa zamani, ile kadudu haikufa naye?"

Ningeweza kunyoosha mkono nimguse, lakini nilimjibu jirani. "Umwambie inaweza kulala mu mwili miaka mingi."

"Umuulize tena. Ni bwana alileta, ao ni bibi?"

"Umwambie hakuna mutu anaweza kujua. Hata muganga wa ku hospitali."

Alikata muhogo mmoja, polepole. Nilijua anamwaza baba mkwe, na iliniuma kwamba nimemtia shaka na marehemu wake.

"Na damu," akasema, "kama imerudia?"

"Umwambie iyo apana ya kufurahia. Ni ya kupeleka kwa muganga."

Jirani, ambaye shingo ilikuwa imemchoka kwa kutugeukia huku na huku, akaamua yeye. "Bon. Lundi tunaenda wote."

Tulikwenda kituo cha afya hiyo Jumatatu, jirani akitembea katikati. Mama mkwe alivaa kitenge cha kanisani. Alipoingia kupimwa nilikaa nje, kama adabu inavyotaka, nikiukodolea mlango macho. Niliogopa, na hapohapo, Mungu anisamehe, nilitaka kujua. Baadaye muuguzi akatoka, akasema mama ananiita mimi, si jirani.

Alikuwa amelala magoti juu, shuka imemfunika, uso ameuelekeza ukutani. Muuguzi alikuwa amemwambia ameona kidonda, na kwamba inafaa aende hospitali akatwe kipande cha kupimwa. Mama mkwe alikuwa amekataa kujibu mpaka asikie kwa mtu wa nyumbani.

"We njo mutu anapenda kuangalia," aliniambia mimi mwenyewe. "Angalia. Usinifiche."

Niliinama, muuguzi akamulika. Hapakuwa na siki, wala haikuhitajika. Palikuwa pekundu, pamechimbika, panavuja damu bila kuguswa.

"Mama, kuko kidonda."

"Kikubwa?"

Nilitamani jirani angekuwepo nimjibu yeye.

"Ndiyo, mama. Kikubwa."

Muuguzi akachomoa chombo alichompimia. Mama mkwe aliketi, akajifunga kitenge, akalikaza fundo.

"Basi tuende ku hospitali sasa hivi," alisema. "Nikifika nyumbani nitaogopa."