Namna ya Kupakia Pipa

Katika ujinga wangu wote, na Mungu hakunipimia kwa kijiko, mkubwa ni huu: nilimwonyesha askari namna ya kupakia pipa. Hakunielekezea bunduki. Bunduki yake ilikuwa imeegemea ukuta karibu na ndoo ya maji, imesahauliwa kama fagio. Mimi mwenyewe, kwa kidole changu mwenyewe, na kwa furaha juu yake, nikamwonyesha.

Pipa lenyewe halikuwa pipa. Lilikuwa doa jeusi, dogo kuliko punje ya haragi, ndani ya kioo cha mchezo wa mkononi.

Mchezo ule niliupata kwa mjomba. Alikuwa mfanyabiashara, kama nusu ya wanaume wa Butembo, na vita havikumzuia kwenda Dubai na kurudi na makatoni. Safari ile alileta viatu, taa, na michezo midogo ya watoto inayotumia mawe ya redio, yale ya betri. Yenye mabuto mengi, vile vitufe vya kufinya, iliuzwa yote. Mmoja ukabaki mezani kwa sababu ulikuwa na buto moja tu. Watu waliugeuza, wakatafuta mabuto mengine mgongoni, wakaurudisha. Mama mmoja wa Kirumba aliuliza kama ulizaliwa kilema. Kwetu mtu hatoi pesa yake kwa kitu kinachoonekana fundi alikiacha njiani. Ndipo mjomba akanitupia.

“Kamata. Kako sawa na weye. Kanajua kitu moja, na kanakijulia nyumbani.”

Hakukosea. Nilikuwa nimemaliza sekondari, diplome iko ukutani, na kazi niliyoijua vizuri ni kukaa. Wenzangu walikwenda kuchimba dhahabu, kuuza mafuta ya taa, kununua kahawa. Mimi niligeuza maharagi jikoni na kusikiliza redio. Kabla ya vita waliniita mvivu. Vita vilipofika, vijana wakawa wanakamatwa njiani kubebeshwa masanduku ya risasi, na watu wale wale wakaanza kusema niko na akili. Sikuwa nimebadilisha kitu. Nchi ndiyo iliyonikuta pale nilipoketi.

Sasa nieleze ule mchezo, maana asiyeuelewa ataniona mjinga kuliko nilivyo. Ndani ya kioo kulikuwa na lori, kilima, na kamba yenye ndoano. Ndoano ilibembea kushoto na kuume, imeshika mzigo. Ukifinya buto, mzigo unaanguka. Basi. Huwezi kwenda mbele, huwezi kurudi, huwezi kupiga mtu. Mizigo ikiisha, lori linaondoka lenyewe, halina hata dereva, linapanda kilima, na hapo ndipo unajua ulichokifanya. Gunia lililokaa vibaya linateleza. Kasha lililokaa pembeni linalivuta lori zima, nalo linainama polepole, kama mlevi anayetafuta kiatu chake, mpaka linalala.

Nimekulia kando ya barabara ya malori. Nimeyaona yakipakiwa hadi yanapita mapaa ya nyumba, watu juu ya magunia, mbuzi juu ya watu. Nilijua lori litakaloanguka kabla halijawasha moto. Lakini katika maisha yangu hakuna aliyewahi kuniuliza. Mchezo uliniuliza. Na tena, mchezo wa mabuto mengi unakuachia uongo wa kusema: nilitaka kufinya hii nikafinya ile. Huu haukuacha mlango. Ulifinya mapema ao ulichelewa, na aliyefinya ni weye. Nilikuwa ninaanguka, ninajitukana, ninaanza tena. Ninaona haya kusema, lakini katika miaka ile yote hakuna kitu kilichonitendea haki kama kile kiplastiki.

Mzigo wa mwisho ulikuwa pipa. Liliviringika kila mara. Ukiliweka katikati, linaviringika mbele. Ukiliweka nyuma ya makasha, linaruka kilimani na kubomoa mengine. Msimu mzima wa mvua niliuzika pale, nikianika mawe ya redio juani ili yapate nguvu tena, huku mama akiuliza kwa nini mahubiri ya redio siku hizi yanasikika kama mchungaji yuko kisimani.

Siku moja, ndoano ikiwa inabembea na pipa, maharagi yalianza kuungua. Niliuweka mchezo mezani nikakimbilia jikoni. Niliporudi, ndoano ilikuwa imechoka. Ilikuwa inabembea padogo, halafu padogo zaidi, halafu inatetemeka tu. Hapo nikafinya. Pipa lilishuka polepole likakaa katikati ya magunia kama askofu kwenye kiti chake. Lori likapanda, likashuka, likafika. Siri ilikuwa kutofinya. Kuwa na buto moja duniani, na kuiacha.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani?

Askari akaja kwa sababu ya suruali. Alikuwa wa barriere, kizuizi cha askari kilichokuwa chini ya avenue yetu, wa kundi lililotawala mji wakati ule, na suruali aliyopewa ingetosha watu wawili. Mama yangu alikuwa mshonaji. Mashini yake ya kushonea, nyeusi, ya miguu, ilikuwa barazani. Ndiyo iliyotulisha tangu baba afariki. Ilishona nguo za shule, nguo za kwaya ya kanisa letu, na diplome yangu ile ya ukutani ilitoka ndani ya sindano yake. Washonaji wengine walikuwa wamezika za kwao shambani, zimefungwa kwenye nailoni. Mama alichelewa. Askari alipoiona, kuificha kungekuwa kumwambia kwamba tunamwogopa, na mtu wa namna ile akijua unamwogopa anahamia kwako.

Alihamia hata hivyo. Akingojea suruali yake aliniona na mchezo, akanyoosha mkono, nikampa. Lori lilianguka. Akanipiga kichwani na vidole vilivyokunjwa, ko. Akaanza tena. Likaanguka. Ko. Ndivyo ilivyokuwa siku zote zilizofuata: yeye anapakia, lori linaanguka, kichwa changu kinalipa. Alikuja kila saa alipotoka zamu, na mawe mapya ya redio aliyonyang'anya dukani. Alifika mpaka kwenye pipa, na pipa likamkamata kama lilivyonikamata. Rafiki zake wa barriere walikuwa wakipita kumcheka. “Chef, pipa imekufunga? Tuite renfort, bakuje kukusaidia?”

Ni mbele yao ndipo alipoapa. Alipigapiga mashini ya mama kama mtu anayepigapiga ng'ombe.

“Bibi yangu, mama ya batoto yangu, iko Beni, kartie ya Beu, anashona na mukono. Siku nitapita hii pipa, mashini ni ya kwake. Mbele ya hapo siigusi. Mi hapana mwizi. Mi nachukua kile nimeshinda.”

Walicheka. Mama alicheka pia, kwa sababu alikuwa na sindano mdomoni na hakuwa na namna nyingine ya kufanya uso. Lakini alipoondoka, mama alizitema sindano mkononi, akaniangalia.

“Weye unajua ile maneno ya pipa?”

“Ninajua, Mama.”

“Najua unajua. Ulikuwa unaimba jikoni. Basi ile maneno ife na weye. Bale basoda ba barriere habakae hapa sana, batabahamisha. Akiitwa bila kushinda, ataenda mukono mutupu, juu aliapa mbele ya benzake na banamucheka. Mi naomba Mungu, weye nyamaza. Ni kazi moja tu nimekupa.”

Jirani yetu, mama mmoja mjane aliyepika kasiksi ng'ambo ya ua, alikuwa amesikia yote. Alisikia yote siku zote. Sisi Waprotestanti hatukunywa pombe yake, na yeye alisema ndiyo maana nyuso zetu zimekauka. Akainua kichwa juu ya ua.

“Mama, umetumainia ule? Ule hata kuku haimusikilize.”

“Kunyamaza hakutaki akili, mama jirani.”

“Aa. Kunaitaka.”

Nikanyamaza. Nataka iandikwe kwamba nilinyamaza kwa muda mrefu. Lakini hakuna anayejua mateso yale kama hajakaa kando ya mtu anayefinya vibaya. Kila ndoano ilipobembea alifinya. Hakuweza kungoja. Kidole chake kiliona mzigo kikautupa, kama vile dunia nzima ilikuwa barriere na kila kitu kinachopita lazima kisimamishwe. Nilitazama pembeni, nikahesabu kuku wa jirani. Nikasikia lori likianguka, na kabla ya ngumi kunifika, roho yangu ilikuwa imekwisha kuumia kwa ajili ya lori. Mara moja rafiki zake waliondoka kwenda Beni kuona familia zao, na yeye alikuwa na ruhusa pia. Alibaki, kwa sababu ya pipa. Mama alimshonea mifuko miwili mipya kwenye koti siku ile, bure, kwa furaha ya kuona pipa bado limemshika.

Halafu habari ikaja: kundi lao linahamishwa. Gari lingewachukua jioni ile ile, na lisingerudi. Mama alisikia sokoni, akarudi amevaa kitambaa chake cha Jumapili. Alikuwa na vipimo vya kwaya kanisani. Akanishika sikio kwa upole, kitu ambacho hakukifanya tangu nikiwa mtoto.

“Ni leo tu. Akikuja, mupe maji, mupe kiti. Mudomo yako ifunge.”

Akaenda na utepe wake wa kupimia shingoni.

Askari akaja mchana kuaga pipa. Nilimpa maji, nikampa kiti. Alicheza, likaanguka. Ko. Alicheza, likaanguka. Hakunipiga. Aliuweka mchezo juu ya goti akautazama, na alikuwa mpole kama mtu aliyetoka kliniki.

“Hii haina mwisho,” akasema. “Batu ya Dubai balitudanganya. Balitengeneza pipa haipite, tununue mawe tu.”

Nikanyamaza.

“Hata weye hapana kupita. Petit, mutoto ya diplome. Ulikuwa unajifanya mujuzi, kumbe unaangusha sawa na siye.”

Ng'ambo ya ua kuku walikuwa wanachakura. Nilitaka kuwahesabu. Badala yake nikasikia sauti, na kwa bahati mbaya ilikuwa yangu.

“Mi nilipita.”

“Uongo.”

“Nilipita, chef.”

“Weye?” Alicheka, na kicheko hakikuwa na ubaya wowote. Ni hicho kilichonimaliza. “Weye mwenye kukaa na bamama jikoni?”

Nikauchukua mchezo mkononi mwake. Nikapakia makasha. Nikapakia magunia. Pipa likaja, nikanyanyua kidole juu, akione vizuri, nikasema kama mwalimu: tazama, hapana finya. Ngoja. Alisogea mpaka nikasikia harufu ya sigara yake. Ndoano ilibembea, ikachoka, ikatetemeka. Nikafinya. Lori likapanda kilima chote na kushuka, na ule wimbo mwembamba wa ushindi ukalia barazani kwetu. Sijui kama niliwahi kuwa na furaha namna ile mbele ya mtu.

“Ah,” akasema askari. “Ni kungoja.”

Akaupokea, akaanza mwanzo. Aliufuata kama nilivyomfundisha. Kwenye pipa aliweka kidole gumba nyuma ya sikio ili kisimsaliti, akangoja, akafinya. Lori lake likafika. Akasimama, akachukua bunduki, akavuta kitambaa cha kwaya kilichokuwa chini ya sindano ya mashini, akakikunja vizuri sana, akanipa.

“Hii ni ya mama. Mi hapana mwizi. Beba mashini.”

“Chef, ni nzito.”

“Ndiyo maana nasema beba.”

Hakuchukua meza yenye miguu. Gari lilikuwa dogo. Alichukua kichwa cha mashini, na bila kichwa, ile meza ni kuni. Nilijitwika. Tukashuka avenue, mimi mbele, yeye nyuma, na nyuma yangu nilikuwa ninasikia lori likipanda na kushuka, ule wimbo tena, halafu tena. Hakukosea hata mara moja. Nilikuwa nimefundisha vizuri.

Karibu na barriere tulikutana na mama akitoka kanisani, utepe shingoni. Aliona mashini kwanza, mimi nyuma. Hakulia. Alisogea pembeni mwa njia kwenye majani, kama watu wanavyosogea mzigo ukipita, na nilipokuwa sawa naye akasema kwa sauti ndogo:

“Shika na mikono mbili. Ukiiangusha atakuua.”

Sikuiangusha. Niliipakia mwenyewe ndani ya gari, katikati, kati ya magunia mawili ya mchele, mahali ambapo haitateleza, kwa sababu mikono yangu haikujua kufanya vingine. Gari likaondoka kuelekea Beni. Mchezo pia uliondoka nalo.

Niliporudi, wanawake wa avenue walikuwa wamekwisha kuja kuketi na mama, kama kwa kilio, wametandika vitenge chini kuzunguka ile meza isiyo na kichwa. Mama alikuwa ameshika kitambaa cha kwaya magotini, anatoa nyuzi moja moja. Nikasimama mlangoni. Hakuna aliyenipa nafasi. Mama jirani, ambaye alikuwa ameleta kibuyu chake cha kasiksi na, kwa mara ya kwanza, hakuna Mprotestanti aliyemkataza, alinitazama kutoka miguuni mpaka kichwani, palipokuwa bado pana alama ya chuma cha mashini, akasema:

“Mi ningekuwa mama yako, ningemupa ule askari weye, nibakie na mashini.”