Mchuzi wa Ngozi ya Sangala

Mjukuu wangu, anayesomea mambo ya dawa, ameniletea krimu ya kujikinga na jua. Anasema ndani yake mna peptidi, yaani vipande vidogo sana vya protini vilivyotolewa katika ngozi ya samaki, na kwamba vinaisaidia ngozi kustahimili jua, ingawa kofia bado ni lazima. Nimemshukuru. Nimeinusa, haina harufu yoyote. Mdogo wangu angeshangaa.

Miaka ya vita, mume wake alivuka ziwa kwenda Kigoma kutafuta riziki, akamwacha hapa Kalemie. Tangu arusi alikuwa amemzoesha kujichubua, maana alitaka mke mweupe. Krimu hiyo ya kujichubua ilipokwisha, mdogo wangu alibaki na ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu, na kazi pekee aliyoipata ilikuwa kuanika ndakala, wale dagaa wa ziwani, mchangani, juani. Mashavu yakababuka, yakatoa maji, yakabaki mabaka meusi.

Mama mmoja mpasua samaki akamwambia achemshe ngozi ya sangala mpaka mchuzi uwe mzito, ajipake. Ulimpoza kweli. Lakini harufu!

"Mama Sangala anapita!" wenzake walipiga kelele. "Mufunge paka zenu!"

Hata msikitini wanawake walisogea, safu ikabaki na pengo. Nilisimama mimi pale, nikamwombea. Yeye aliomba jambo moja tu: uso upone kabla mume hajarudi, kwa kuwa alikuwa ametuma habari kwamba atakuja kumchukua wavuke pamoja.

Mume akaja. Pale pale ufukweni alimnusa, akarudi nyuma.

"Niliacha bibi hapa," akasema, watu wote wakisikia. "Huyu njo nani?"

"Ni jua, Papa. Tunavuka lini?"

"Na uso huu? Kule wataniuliza kama nilikuoa ao nilikuvua na wavu."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Naye akafungua katoni yake ya krimu zile zile za kujichubua, na wale wale waliocheka wakagombania kununua. Mashua ilipowashwa, alimpa mdogo wangu kopo moja.

"Ukishakuwa mweupe tena, unitumie habari."

Nilitaka alitupe majini. Alilipokea kwa mikono miwili iliyopasuka, akamwuliza ajipake mara ngapi kwa siku.