Mlio Mmoja wa Nangwa

Isidori alikuwa mpasua mawe wa Nangwa, na tangu bendera ya Uhuru ipandishwe mara ya kwanza, yeye ndiye aliyeipigia baruti kila tarehe tisa Desemba. Milio mitatu: mmoja wa bendera, mmoja wa mlima Hanang, mmoja wa waliokufa kabla ya kuiona siku hiyo. Kuna miji mikubwa ambako fataki hurushwa mpaka anga ikageuka bustani. Nangwa walikuwa na matundu matatu kwenye mwamba, baruti kidogo, utambi, na udongo wa kuzibia. Iliwatosha.

Mwaka 1983 alikosea. Watu walikuwa wamejaa kwenye mwamba wake wa siku zote, naye, badala ya kuwaondoa, akahamia jiwe lililokuwa ukingoni mwa shamba la ngano la serikali. Mvua zilikuwa zimechelewa. Cheche ikaangukia mabua, moto ukavuka barabara na kumaliza nyasi ambazo mzee Gidahosh alizitunza kwa ajili ya ndama wake. Hakufa mtu wala mnyama, lakini cheti cha Isidori cha kupiga baruti kilizuiwa miezi sita. Halafu ikaja amri kutoka wilayani: hakuna mlipuko wa sherehe bila kibali, kinga moto, maji, na alama ya dole gumba la jirani wa karibu kuonyesha ameridhia.

Jirani wa karibu alikuwa Gidahosh.

"Mwaka huu wapige ngoma," mkewe Zita alimwambia Novemba iliyofuata. "Ukiunguza tena, cheti hakirudi. Utapasua mawe kwa meno?"

"Sitaunguza."

"Kwani mwaka jana ulipanga?"

Isidori akachukua jembe, akatoka. Alilima siku nne kuuzunguka mwamba wake wa siku zote, hatua thelathini kila upande, mpaka ukabaki udongo mtupu. Akapanga madebe sita ya maji. Ndipo akaenda kwa Gidahosh.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo umekuja kuchoma nini?"

"Nimekuja kuomba dole gumba lako."

Mzee alifuatana naye hadi mwambani, akapita akichokora udongo kwa fimbo. Akakuta kishina kimoja cha nyasi, akasimama. Isidori akainama, akaking'oa kwa mkono.

"Nyasi nimeziona," Gidahosh alisema. "Sasa ng'ombe. Wanne wana mimba kubwa. Mlio wa kwanza watashtuka. Wa pili watakimbia. Wa tatu nitawafuata Singida. Piga mmoja."

"Desturi ni mitatu, mzee."

"Na ndama wangu kula nyasi zile ilikuwa desturi."

Isidori alitazama mlima, akakubali, na mzee akatia dole gumba.

Katika ofisi ya wilaya, Katesh, karani Hajira aliweka karatasi kwenye taipureta. "Mmoja tu? Watakucheka huko kwenu."

"Andika mmoja."

Siku ya sherehe bendera ilipanda, Isidori akawasha utambi, mlio ukaenda hadi mlimani na kurudi. Watu wakashangilia, wakanyamaza, wakangoja. Wakangoja sana. Mwenyekiti wa kijiji, Patriki, akamsogelea.

"Bwana Isidori, imebaki miwili."

"Kibali ni mmoja."

"Karani yuko Katesh. Nani atahesabu?"

"Gidahosh anahesabu."

"Baruti imemzeekea mkononi," mtu mmoja alisema nyuma, na watu wakaangua kicheko.

Patriki akashusha sauti. "Machimboni unayo baruti. Tuma mtu akalete kidogo. Hata waliokufa utawanyima mlio wao?"

Hilo lilimchoma. Baba yake alikuwa miongoni mwao. Isidori akanyanyua debe, akamwaga maji ndani ya tundu mpaka moshi ukakatika, kisha akauzunguka udongo wote aliolima, polepole, akitazama chini. Ng'ambo ya barabara ng'ombe walikuwa wameinua vichwa. Alipomaliza mzunguko walikuwa wameinama tena, wanakula. Gidahosh alikuwa amesimama kati yao, akiegemea fimbo.

Kesho yake asubuhi Hajira alimkuta Isidori mlangoni pa ofisi, vumbi limemfika magotini.

"Kumetokea nini tena?"

"Nimekuja kuomba kibali cha mwaka kesho."

"Mapema hivi?"

"Andika mitatu. Nimeshakubaliana na mzee jana jioni. Mwaka kesho, wiki ya sherehe, ng'ombe wenye mimba atawapeleka kwa shemeji yake."