Mtihani wa Chester Sobczak

Bernadine Sobczak alikuwa na miaka sabini na minane, na neno alilolichukia kuliko yote lilikuwa "wazee". Alilitumia kwa wengine tu. Majira yale ya baridi alizunguka vitongoji vya kusini mwa Cleveland akitafuta makao ya kustaafia, yeye kwenye usukani, mumewe Chester pembeni, na kila walipotoka mahali alikuwa na sababu ya kupakataa.

Makao ya kwanza yalinuka kabichi. "Kabichi nimeipika mwenyewe miaka hamsini," alisema, "siendi kuinusa kwa watu." Kwenye ya pili waliwakuta wakazi mezani wakipaka rangi picha za sungura wa Pasaka. "Hebu waone," alimwambia Chester, kwa sauti ambayo wale wenyewe waliisikia vizuri. "Watu wazima na akili zao, wanapewa kalamu za rangi!" Huko chini kulikuwa na karakana ya useremala. Chester alisimama mbele ya randa na misumeno, akapitisha kidole kwenye ubao uliopigwa msasa, akasema, "Hapa pazuri, Bernie." Hakuna aliyemuuliza. Bernadine alikuwa ameshavaa glavu zake.

Ya tatu yalikuwa Maple Hollow, na hapo roho yake ikatulia. Vitambaa vya mezani vilikuwa vya nguo, si vya karatasi. Watu walivaa vizuri kwenda kula chakula cha mchana. Na lililo kubwa zaidi, ukishaingia mzima walikutunza mpaka mwisho, hata ukija kusahau jina lako. Lakini ukifika mlangoni umeshaanza kusahau, walikuelekeza kwingine kwa tabasamu. Nafasi zao kadhaa zilitengewa wastaafu wa chama cha wafanyakazi wa kiwanda cha magari, alikopiga mabati Chester kwa miaka arobaini na mmoja. Nafasi ni ya mwanachama, mke huingia akiandikwa na mumewe. Bernadine aliona ameilipia nafasi hiyo kwa miaka hamsini na minne ya ndoa.

Tatizo ni kwamba Chester alikuwa ameanza kusahau. Funguo za gari zilikutwa ndani ya friza. Mara mbili alimwita Bernadine kwa jina la Irene, dada yake mwenyewe, marehemu. Mwanamke mwingine angelia. Bernadine aliuza nyumba. Chester alipokuja kuuliza kwa nini watu asiowajua wanapima madirisha kwa ajili ya mapazia, hati zilikuwa zimeshasainiwa, na mwisho wa Aprili walitakiwa wawe wametoka. Wakikosa Maple Hollow, palibaki chumba cha nyuma kwa mtoto wao Gary, huko Arizona, ambaye mkewe tangu siku ya harusi hajawahi kumaliza sahani iliyopikwa na Bernadine.

Kwa hiyo alimtafuta Wanda wa parokiani, aliyekataliwa na Maple Hollow mwaka uliopita. Alimpelekea keki ya mbegu za mpopi, akamshika mkono, akamchota maswali yote ambayo nesi wa pale huwapima nayo waombaji kumbukumbu, moja baada ya jingine. Jumapili iliyofuata akawaambia akina mama wenzake kwamba Wanda, maskini, hawezi hata kuchora saa.

Bernadine alikuwa amefundisha darasa la tatu kwenye shule ya parokia kwa miaka thelathini. Wanafunzi wake wa zamani sasa wana vitambi na wajukuu, na bado wakimwona dukani hunyoosha mgongo. Mezani jikoni alimwekea Chester karatasi, penseli na kipande cha keki.

"Leo siku gani?"

"Jumanne."

"Tarehe?"

"Kumi na... kumi na..."

"Kumi na ngapi? Usiniangalie mimi, sikuandikwa tarehe usoni."

"Kumi na mbili?"

Sahani ikasogezwa upande wa pili wa meza.

"Kumi na tatu! Kumi na mbili ilikuwa jana. Jana ulikula, leo huli."

"Bernie, nina njaa."

"Njaa inazibua kichwa. Haya, yale maneno matano niliyokutajia."

"Kiti. Nyundo. Limau. Kanisa." Alifumba macho. "Kiti."

"Kiti umeshakikalia! La tano, we mzee, la tano! Mwanafunzi wangu wa darasa la tatu aliyekuwa anakula chaki alikuwa na akili kukushinda."

Ilikuwa Kwaresima. Kila Ijumaa ya Kwaresima, tangu akiwa mtoto, Chester alikula samaki wa kukaanga kwenye ukumbi wa parokia, na tangu aajiriwe alikaa meza moja na wenzake wa kiwandani. Ijumaa ya tatu aliulizwa mwezi, akasema Oktoba. Bernadine akamfungulia kopo la supu, akaenda peke yake, akawaambia wale wanaume kwamba Chester ana mafua. Mzee Leonard akamfungia rafiki yake kipande kikubwa kwenye karatasi. Bernadine alikila garini, na niseme ukweli, alikila kwa raha.

Alikuwa na hofu, hilo lazima lisemwe. Hofu ilimwamsha alfajiri, ikamkalia kifuani hadi kahawa ichemke. Lakini tangu ujana hakujua njia nyingine ya kuogopa ila kumkaripia mtu, na mtu aliyekuwepo ni Chester.

Na mafunzo yakashika. Wiki ya tano Chester alitaja tarehe kabla hajaulizwa. Alichora saa, mishale yote miwili mahali pake. Alihesabu kutoka mia moja akirudi nyuma kwa saba saba bila kusimama. Usiku wa kuamkia siku ya mtihani alipewa vipande viwili vya keki. Alivila polepole, jicho kwenye mkono wa mkewe.

Maple Hollow walimpa Bernadine fomu. Je, mumeo amewahi kupotea njia? Kamwe. Kusahau majina ya watu wa nyumbani? Kamwe. Kuweka vitu mahali pasipo pake? Kamwe. Akatia saini kwa mwandiko wake wa ubaoni. Nesi, mwanamke mpole aitwaye Renee, akamchukua Chester chumba cha ndani na kufunga mlango. Bernadine akabaki na Darlene, dada wa ofisi, wakichagua mapazia ya nyumba ya vyumba viwili. Alichagua ya kijani.

Baada ya nusu saa wakatoka. Renee alikuwa anacheka.

"Ishirini na nane kati ya thelathini! Bwana Sobczak, umenishinda hata mimi."

Bernadine aliyaweka mapazia mezani. Akamwona Chester mrefu, amechana nywele, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akamwonea fahari.

"Basi," alisema Darlene akifungua faili, "kwa kuwa nesi ameandika kwamba bwana anajitambua na anaamua mwenyewe, namuuliza yeye, ndiye mwanachama. Ni ile ya vyumba viwili, siyo?"

"Chumba kimoja," alisema Chester.

"Viwili," alisema Bernadine.

"Kimoja. Mimi peke yangu."

Darlene akaangalia kalamu yake. Bernadine akacheka, kicheko cha mwalimu mbele ya wageni. "Anatania huyu. Chester, acha mambo yako, watu wana kazi."

"Sitanii. Niandike mimi tu, mama," Chester alimwambia Darlene. "Mke wangu usimwandike."

"Amechanganyikiwa!" Bernadine alisimama. "Jamani, hamwoni? Huyu anasahau! Funguo za gari aliziweka kwenye friza! Mimi ananiita Irene, na Irene tumemzika zamani!"

Renee alichukua fomu mezani, akaisoma taratibu. "Hapa umeandika kamwe, mama. Mara tatu. Umesaini."

"Nimeandika uongo! Nimemfundisha mimi! Wiki tano, kila siku, mezani kwangu!"

"Saa amechora mbele yangu," alisema Renee. "Hakuna aliyemwonyesha." Kisha akamgeukia Chester, akashusha sauti. "Bwana Sobczak, nakuuliza kama ninavyowauliza wote. Kuna mtu nyumbani unayemwogopa?"

Chester alifikiri. Alimtazama mkewe usoni, bila hasira, kama mtu anayesoma bango la mbali.

"Hapana. Simwogopi," alisema. "Nimechoka naye."

Akaomba kalamu, akasaini.

Darlene alimpa Bernadine karatasi ya ratiba ya wageni: wake na waume wa wakazi, Jumapili, saa nane mpaka saa kumi. Mapazia ya kijani akayarudisha kwenye kabati.

Garini Bernadine alifunga mkanda mara tatu ndipo ukashika. Aliendesha mpaka barabara kuu machozi yakimchuruzika, maana hakuwa na mkono wa kuyapangusa. Chester alitazama maduka yakipita. Walikaribia taa za barabarani alipomgeukia.

"Nilifaulu, Bernie?"

"Ulifaulu."

"Afadhali. Tunahamia lini?"

Bernadine alipunguza mwendo. Akamtazama vizuri. Uso wa Chester ulikuwa wazi kabisa, bila hila, uso wa mtu anayesubiri kuambiwa.

"Mbona unalia?" aliuliza. "Nani kakuudhi?"

"Mtu mmoja kule ndani."

"Rudi nyuma." Alikunja ngumi juu ya goti, ngumi ile ya kupigia mabati. "Rudi sasa hivi, nikamwambie. Mke wangu hachezewi. Nikamwambie tunaingia wote wawili au hatuingii."

Taa ilikuwa nyekundu. Bernadine alishika usukani, na kichwa chake, ambacho hakikuwa kimesahau kitu hata siku moja, kikapiga hesabu yote kwa dakika moja. Akirudi naye sasa, Chester atasema kila ambacho yeye Bernadine anataka aseme. Atasema wote wawili. Na Renee atamuuliza, kwani hukusema chumba kimoja saa moja iliyopita? Naye atashangaa, atauliza chumba kimoja cha nini, na mbele ya mlango ule ule watamfutia alama zake ishirini na nane na kuwaelekeza kwingine, wote wawili, kwa tabasamu.

"Bernie, taa ya kijani," alisema Chester.

Wa nyuma wakapiga honi. Upande wa kushoto ulikuwa wa kugeuka kurudi Maple Hollow. Bernadine alinyoosha mbele, akaenda nyumbani kufungasha masanduku mawili, lake likiwa la Arizona.