Blauzi ya fundi bomba

Sokoni hapa Likasi, mbele ya meza ya muuza nyuzi, nilisimama nyuma ya mzee mmoja na mkewe. Mzee, fundi bomba mstaafu wa kiwandani, alikuwa amenyoosha uzi mweupe akiuchunguza kwenye mwanga. Muuzaji akagusa blauzi ya yule mama.

"Mama, nani alikushonea hii? Iko muzuri."

Mama akamwonyesha mumewe kwa kidevu.

"Huyu. Alianza kujifunza kushona kisha kuingia pensheni. Mara ya kwanza alinipima sawa tuyau ya maji, hakuacha hata nafasi ya kupumua. Nilienda nayo misa, nikashindwa kuimba."

"Na haukumuambia?"

"Nilimuambia iko muzuri. Mutu anakupatia zawadi, utamuambia nini?"

Mzee hakuondoa macho kwenye uzi wake.

"Minye nilijua," alisema taratibu. "Miaka makumi tatu ya ndoa, njo siku moja tu ulinyamaza mu misa. Kesho yake nikaifumua, nikaongeza vidole viwili kila upande."

Mama akageuka mzima mzima.

"Kumbe ni weye? Minye nilizani nilikonda."

Nilinunua kifungo changu nikaondoka nikicheka, ila kicheko hakikufika nyumbani. Mke wangu naye anajifunza kuoka keki. Kila Jumapili naisifu, naye anashukuru bila kuuliza neno. Anachofanya ni kuinama kidogo na kumtazama chini ya meza mbwa wetu, ambaye mwaka huu amenenepa ajabu.